Mvivu, au ana safura?

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, hata kuna walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha jamani. Mitihani ilinibana, halafu kompyuta yenyewe ya kuazima ikafa, basi tena. Leo nimekuja na jambo lililonikaa kooni tangu Jumanne.

Jumanne hiyo tulikuwa na kipindi cha saikolojia ya elimu. Mhadhiri akauliza suali jepesi tu: kwa nini mwanafunzi anasinzia darasani? Mmoja akasema simu, watoto hawalali mapema. Mwengine akasema wazazi hawafuatilii. Mwengine akasema uvivu, watoto wa siku hizi wamezoea vya bure. Mie nikanyoosha mkono nikasema: minyoo.

Darasa zima likaangua kicheko. Kuna kijana kule nyuma akapiga ukelele, "Huyu katoka Pemba huyu!" Wakacheka tena. Na mie nikacheka nao, maana ukinuna ndo wanazidi. Lakini usiku nilipolala dakhalia usingizi haukuja. Nilikuwa namfikiria mdogo wangu.

Mie ni wa Wambaa, Mkoani. Kwa wasioijua, unachepuka pale Mizingani unaifuata barabara mpaka baharini, na ukisimama pwani unakiona kisiwa cha Misali. Watalii wanakuja huko kupiga mbizi na kupiga picha jua likizama. Sisi wenyeji tuna karafuu zetu, muhogo wetu na uvuvi wetu, na mvua ikinyesha kila kitu kinanuka udongo.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mtoto wa kukaa. Wenzake wakicheza mpira yeye yuko barazani. Akitumwa dukani anarudi anahema kama mzee. Nyumbani tukamwita Goigoi, na jina likamganda, hata watoto wa jirani wakawa wanamwita hivyo. Msimu wa karafuu ukifika sisi watoto tunatumwa kuokota mpeta, zile karafuu zinazodondoka chini ya mkarafuu wakati wakubwa wako juu wanachuma. Mie nilikuwa mkubwa wao, kwa hiyo nilikuwa msimamizi. Wenzake wanajaza pakacha, yeye hafiki nusu. Nikawa namfinya. Nasema kweli, nilikuwa namfinya mkono mpaka analia, halafu namwambia ukisema kwa mama nakuongeza.

Bibi yetu alikuwa akimtazama sana. Siku moja akasema, "Mtoto huyu si mvivu, mtoto huyu kashikwa na safura. Hamuoni uso ulivyomjaa?" Tukamcheka bibi. Safura kwetu lilikuwa neno la wazee, kama vile wanavyosema upepo mbaya. Baada ya miezi mtoto akaanguka njiani anatoka chuoni kusoma Kurani, akapelekwa hospitali. Damu gramu 5.8. Mtoto wa miaka tisa! Inatakiwa mara mbili ya hapo. Akapimwa choo, wakakuta mayai ya minyoo mengi tu. Akapewa dawa, akapewa na vidonge vya kuongeza damu vya kutumia nyumbani kwa wiki nyingi. Mwezi wa tatu yuko juu ya mwembe ananitupia kokwa na kunitukana. Goigoi wetu huyo.

Kumbe bibi alikuwa sahihi, na neno lake lilikuwa sahihi kuliko tulivyodhani. Safura si ugonjwa wa hadithi. Ndo jina letu la Kiswahili la ule ugonjwa unaoletwa na minyoo midogo, haifiki hata sentimita moja na nusu, inayojing'ang'aniza kwenye ukuta wa utumbo na kunywa damu. Mtu anapauka, viganja vinakuwa vyeupe, uso na miguu vinavimba, moyo unakwenda mbio kwa kazi ndogo. Wazee walilitambua hilo bila hadubini. Sisi tuliosoma ndo tulicheka.

Namna anavyoingia mwilini ndo inayonishangaza mpaka leo. Wengi wanadhani minyoo yote inaingia kwa mdomo, kwa kula embe bila kuosha au kwa mikono michafu. Huo ni mchango, yule mrefu anayetisha akitoka, ambaye jike lake linaweza kutaga mayai laki mbili kwa siku. Wa safura yeye hana haja ya mdomo wako. Mtu akijisaidia chini ya mti, mayai yanaanguuliwa kwenye udongo kwa siku moja au mbili, na baada ya kama wiki moja kimelea kishakomaa, kinangoja. Kinataka kivuli, unyevu na udongo laini usiokauka. Wewe unapita pekupeku, kinapenya kwenye ngozi, mara nyingi katikati ya vidole, unahisi muwasho tu. Kinaingia kwenye damu, kinapanda mpaka kwenye mapafu, unakikohoa, unakimeza mwenyewe, halafu kinateremka kwenye utumbo na kukaa humo, miaka pengine.

Sasa nitajieni mahali penye kivuli, unyevu na udongo laini kuliko chini ya mkarafuu. Na nani aliyepo hapo? Mtoto aliyechutama, pekupeku, mikono na miguu udongoni, anaokota mpeta, na dada yake amesimama juu yake anamfinya kwa uvivu. Nikiwaza hivyo najisikia vibaya wallahi.

Mdudu mmoja hanywi kingi. Iko aina mbili kubwa na Pemba zote zipo. Mmoja anapoteza kama mililita 0.03 za damu kwa siku, mwengine ana pupa zaidi, anafika 0.15 au hata 0.2. Chukua yule mpole tu, wawe mia kwenye tumbo la mtoto. Ni mililita 3 kwa siku, 90 kwa mwezi, kama robo ya chupa ya soda. Baadhi ya madini yale ya chuma utumbo unayavuta tena, lakini mengine yanapotea. Na mtoto mwenyewe anakula muhogo na chai ya rangi asubuhi, wali na mchuzi usiku. Atairudisha kwa nini?

Tena hili si jambo la kubahatisha. Pemba yetu hii labda ndo imepimwa choo kuliko sehemu nyingi duniani (cheka tu, lakini ni kweli). Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa 1997, wa Rebecca Stoltzfus na wenzake, akiwemo Hababu Chwaya wa Wizara yetu ya Afya. Walipima watoto 3,595 wa skuli za Pemba. Asilimia 62 walikuwa na upungufu wa damu. Na walipohesabu, minyoo ya safura peke yake ilikuwa inabeba robo ya upungufu wote, na asilimia 73 ya ule upungufu mkali, wa kumfanya mtoto aanguke njiani. Kwa hiyo katika kila watoto wanne walioishiwa damu sana, karibu watatu ni kazi ya huyo mdudu. Halafu mtu ananiambia watoto wamezoea vya bure.

Mwaka 2000 ikafunguliwa maabara ya afya ya jamii pale Wawi, Chake, iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Kitaliano aliyefariki 1993. Kuanzia hapo takriban kila dawa mpya ya minyoo imepita Pemba kujaribiwa. Kwa ufupi, watoto wetu wameisaidia dunia nzima kujua dawa gani inafanya kazi. Sisi wenyewe ndo hatusomi yaliyoandikwa kutuhusu.

Haya, sasa nifike kwenye maoni yangu, maana blogu hii si ya kutoa takwimu tu.

Sisemi dawa za skuli hazina maana. Zanzibar imekuwa ikigawa dawa za minyoo maskulini tangu miaka ya 90, na kuanzia 2001 watu wazima pia walikuwa wakimeza albendazole pamoja na ivermectin kwa ajili ya matende. Safura ya leo si ya enzi hizo, imeshuka sana, na kila mtu aliyebeba yale makopo ya vidonge kijiji kwa kijiji anastahili shukurani. Ila nina ugomvi na namna tunavyohesabu. Tunahesabu vidonge vilivyogaiwa. Tumegawa vingi mwaka huu, tumefikia watoto wengi, makofi! Nani kahesabu damu? Nani kampima mtoto yule yule baada ya miezi sita? Kwa sababu watafiti walishaonesha zamani kwamba Pemba ukimtibu mtoto ukamrudisha kwenye udongo ule ule, baada ya miezi michache anakuwa nayo tena.

Na vidonge vyenyewe vina mipaka. Iko minyoo mingine, mwembamba kama uzi upande mmoja na mnene upande wa pili, kama mjeledi, inayokaa kwenye utumbo mpana. Mwaka 2014 lilichapishwa jaribio lililofanyika Pemba, watoto wakapewa dozi moja ya albendazole, hii hii tunayoijua. Waliopona mjeledi ni asilimia 2.6. Nimesema mbili nukta sita, sijakosea kuandika. Walipochanganya albendazole na dawa nyengine inayoitwa oxantel wakafika asilimia 31. Mwaka 2023 ikatoka taarifa nyengine ya Pemba juu ya dawa ya emodepside, iliyokuwa ikitumika kwa wanyama, na hiyo ilifika asilimia 85 kwa dozi ndogo tu, ingawa bado iko kwenye majaribio. Matumaini yapo. Lakini mtoto aliyemeza kidonge chake leo asubuhi mwalimu anamwandika kwenye daftari kuwa katibiwa, na mjeledi wake uko palepale unapunga upepo.

Wengine watasema, basi watoto wavae viatu. Jamani! Mie hili la viatu linanichosha. Hebu nenda ukapande mkarafuu na viatu. Nenda bondeni ukapande mpunga na ndara zako, uone kama hazitabaki kwenye tope. Mvuvi anaruka kwenye maji na viatu gani? Viatu ni vizuri kwa njia ya skuli na vya kwendea chooni, sibishi, na ndara haziko ghali kiasi hicho. Lakini tunamlaumu aliyekanyaga, tunamwacha aliyejisaidia. Mdudu hakuzaliwa na udongo. Alitoka kwa mtu. Mtu asipojisaidia chini ya mkarafuu, unaweza kucheza hapo pekupeku mpaka Magharibi.

Ndo maana mie naona jambo kubwa ni choo, na si choo cha nyumbani peke yake. Nyumbani wengi sasa wamejitahidi, ingawa nyumba zisizo na choo Pemba bado zipo. Lakini msimu wa karafuu watu wanashinda shamba tangu asubuhi mpaka jioni, wanawake kwa wanaume kwa watoto. Wanakwenda wapi? Wavuvi wakipiga dago wiki mbili kisiwani wanakwenda wapi? Mnajua jibu. Kila mwaka kabla ya msimu tunasikia maandalizi, bei ya karafuu, magunia, majamvi, ulinzi wa magendo. Sijawahi kusikia mtu akiuliza wachumaji watakwenda haja wapi. Shimo moja na makuti manne kila shamba, ndoo ya maji na kopo, hata mwenye shamba asiyekuwa na kitu anaweza. Kikiingia kipindupindu tunachimba vyoo usiku na mchana, sheha anapita nyumba kwa nyumba. Kwa safura hatuchimbi kwa sababu hakuna anayekufa siku moja. Mtoto anakuwa goigoi tu.

Jengine ni wanawake. Dawa za skuli zinamfuata mtoto wa skuli. Binti akishaacha skuli, akaolewa, anaingia shamba, anapanda mpunga, anabeba mimba, na damu anayo kidogo tangu hapo. Mnawajua wale wanaokula udongo, wanaotafuna mchele mbichi au barafu kutwa? Kwetu tunasema mimba inataka. Kuna mtafiti wa Kimarekani, Sera Young, alikaa Pemba miaka ya 2000 akiwasikiliza akina mama juu ya jambo hili hili, na baadaye akaandika kitabu kizima. Hamu hiyo na upungufu wa madini ya chuma mara nyingi vinakwenda pamoja. Kwa hiyo ukimuona wifi yako anachokoa ukuta, usimcheke, mpeleke akapime damu. Na wale mashangazi wanaosema dawa ya minyoo inaharibu mimba: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito wa sehemu zenye safura nyingi apewe baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Kabla ya hapo ndo haifai. Aende kliniki wakamwelekeze, asinunue dukani mwenyewe.

Lazima niseme na hili kwa haki, maana nikimaliza kuandika kuna mtu atakwenda duka la dawa kununua vidonge vya damu agawie watoto wote nyumbani. Usifanye. Pemba hii hii walijaribu kuwapa watoto wadogo madini ya chuma kila siku bila kuwapima kwanza. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa, kwa sababu waliopewa walikuwa wanalazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, na malaria wakati ule ilikuwa kali. Yakachapishwa 2006, na dunia nzima ikabadilisha ushauri wake. Kwa hiyo kupima kwanza. Tone moja la damu kidoleni, dakika chache, jibu unalo. Hicho ndicho ningependa kukiona skuli zetu kila mwaka, siku ile ile ya kugawa dawa.

Kuna rafiki yangu wa chumbani, wa bara, alinambia nazidisha chumvi, eti uvivu ni uvivu. Nikamhadithia Marekani ya kusini miaka ya mwanzo ya 1900. Watu wa kule walikuwa wanachekwa nchi nzima kuwa ni wavivu wa kuzaliwa. Kumbe walikuwa na safura. Mwaka 1909 tajiri Rockefeller akatoa dola milioni moja, walipopima watoto wakakuta kama asilimia 40 wanayo, wakatibu, wakahimiza vyoo. Baadaye mchumi mmoja, Hoyt Bleakley, alipofuatilia rekodi akaona sehemu zilizokuwa na minyoo mingi zaidi ndo zilizopanda zaidi kwa watoto kwenda skuli na kujua kusoma. Hata jirani zetu wa Busia, Kenya, walipogawa dawa maskulini kuanzia 1998, utoro ulipungua kwa kama robo. Najua wataalamu wamegombana sana juu ya hesabu za Busia, hasa 2015, na wengine wanasema faida imetiwa chumvi. Sawa, wagombane. Mie nimeona mtoto mmoja kabla na baada, na simuombi mchumi ruhusa ya kuamini macho yangu.

Rafiki yangu alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo na mimi ninayelala kwenye kipindi cha takwimu?" Nikamwambia wewe ni mvivu, shoga.

Jana nikampigia simu mdogo wangu. Sasa yuko kidato cha tatu, sauti imekuwa nzito mpaka nilidhani nimekosea namba. Nikamwambia, sikiliza, nataka unisamehe, nilikuwa nakufinya kule kwenye mpeta na kumbe ulikuwa mgonjwa. Akakaa kimya. Nikadhani analia. Akasema, "Ah dada, kufinywa sikumbuki mie. Nakumbuka ulikuwa unachukua mpeta wangu unatia kwenye pakacha lako halafu unamwambia mama Goigoi hakuokota kitu. Hizo pesa nataka."

Basi hapo sikuwa na la kusema. Nimemtumia elfu tano.